Kijapani cha Boneti na Buti

Mgeni anayehamia Tokyo hajifunzi kusoma kwa kitabu peke yake. Mabango ya mtaani humfundisha kabla mwalimu hajafika. Anaona 出口 juu ya mlango ambao watu wanatokea, na baada ya siku chache hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni njia ya kutokea. Anaona 止まれ imepakwa rangi nyeupe barabarani pale magari yanaposimama, basi anajua. Mahali penyewe pameshatoa maana, na kazi ya jicho ni kushika umbo tu. Sijaona njia ya haraka zaidi ya kujifunza hati ngeni.

Hapa Eastlands, Nairobi, hatuna mabango ya Kijapani barabarani, ila tuna magari. Simama Jogoo Road saa kumi na moja jioni, kuanzia City Stadium hadi Donholm, uhesabu yaliyotoka Japani yakiwa yametumika: Probox, Demio, Noah, AD Van, malori ya Fuso, Hiace za abiria kumi na wanne. Kenya huendesha upande wa kushoto kama Japani, usukani uko kulia, na kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Viwango hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mambo hayo matatu yakikutana, soko linaelekea Japani lenyewe. Magari hayo yanashuka Mombasa na maandishi yake yote: chini ya boneti, kwenye fremu ya mlango, ndani ya kifuniko cha tangi, nyuma ya lori. Wengi huyaona kama mapambo. Fundi wa Kariobangi Light Industries anayaona kila siku na kuyaruka ili afikie namba. Mimi nasema tuanzie hapo hapo fundi anapoweka kidole.

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au karibu yake, kuna kibati au stika yenye namba ya chesisi, ile unayopiga picha kabla ya kwenda kutafuta spea Kirinyaga Road. Kwenye Toyota, juu ya namba hiyo kumeandikwa トヨタ自動車株式会社. Usitishike. Alama tatu za mwanzo ni jina unalolijua: ト ni to, ヨ ni yo, タ ni ta. Hiyo ni katakana, hati ambayo Wajapani huitumia hasa kwa maneno yaliyotoka nje, majina ya bidhaa na sauti za vitu. Ilianza karne ya 9 kwa watawa wa Kibudha waliokuwa wakibana alama ndogo kando ya misahafu ya Kichina ili wakumbuke matamshi. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo walimega kipande cha herufi na kuacha kingine. タ yetu ni nusu ya 多.

Mjapani ana irabu tano, a, i, u, e, o, na anazitamka karibu kabisa na sisi. Konsonanti yake haikai bila irabu, ndiyo maana anahesabu silabi, na kila silabi ina alama yake: ka, ki, ku, ke, ko. Mtoto wa darasa la kwanza Jericho aliyeimba ba-be-bi-bo-bu ameshapita mlango ambao Mwingereza hugonga kwa miezi. Konsonanti pekee inayosimama yenyewe ni n, nayo inahesabiwa kama pigo kamili, sawa na sisi tunavyopiga n-chi au m-tu. Kwa hiyo Honda ni alama tatu, ホ-ン-ダ, na huna haja ya kuelezwa kwa nini. Kuhusu r na l, Mjapani ana sauti moja tu hapo katikati. Wale wanaochekwa mtaani kwa kushrabu hawana la kuogopa katika lugha hii.

Alama za msingi za katakana ni 46. Majina ya kampuni za magari yatakupa kadhaa bila jasho, pamoja na kanuni mbili. Ya kwanza ni vijistari viwili vya juu kulia, ambavyo hugeuza sauti kavu kuwa nzito: タ ta inakuwa ダ da, カ ka inakuwa ガ ga, ス su inakuwa ズ zu. Soma スズキ na utaona alama ileile mara mbili, ya pili ikiwa na vijistari: Su-zu-ki. Toyota wenyewe wanavijua vijistari hivi vizuri. Familia iliyoanzisha kampuni inaitwa Toyoda. Mwaka 1936 walifanya mashindano ya kubuni nembo, na jina lililobaki lilikuwa Toyota. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba トヨタ huandikwa kwa mikwaju minane ya kalamu, na nane ni namba ya heri kwao. Vijistari viwili vya ダ vingeifikisha kumi.

Kanuni ya pili ni mstari mrefu ー, unaovuta irabu iliyotangulia. Sisi huandika saa na kuu kwa kurudia herufi, wao huchora mstari. Ukifungua kifuniko cha sanduku la fyuzi, katika baadhi ya magari utakuta ワイパー. Tamka taratibu: wa-i-pa-a. Ni waipa. ホーン ni hoon, honi. ブレーキ ni bureeki, breki. タイヤ ni taiya. Kiswahili na Kijapani vimekopa maneno ya gari kwa jirani mmoja, Kiingereza, na vyote viwili vikayaongezea irabu ili yakae vizuri mdomoni. Ndiyo sababu napendekeza mtu wa hapa aanze na katakana, ingawa vitabu vingi huanza na hiragana, hati yao nyingine ya silabi. Ukisoma sauti kwa kunong'ona, neno linajitokeza lenyewe.

Kuna mtego mmoja wa kutahadhari nao mapema. シ (shi) na ツ (tsu) zinafanana kama mapacha, na ン (n) na ソ (so) pia. Tazama vijistari vifupi: katika シ na ン vimejipanga upande wa kushoto, na mstari mrefu unachorwa kutoka chini kwenda juu. Katika ツ na ソ vimejipanga juu, na mstari mrefu unashuka. Ukisahau, rudi kwa magari. マツダ, yaani Mazda, ina ツ. ホンダ ina ン. Shilingi yako ya kukumbukia シ itakuwa シートベルト, shiitoberuto, mkanda wa kiti.

Sasa rudi kwenye kibati cha chesisi, kwa zile herufi nzito tulizoziruka: 自動車. Hizi ni kanji, herufi zilizotoka China, na kila moja hubeba maana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida Japani ina herufi 2,136. Idadi hiyo imewafukuza wengi darasani, na mimi sikuombi uikimbilie. Nakuomba tatu. 車 ni gari la kukokotwa likitazamwa kutoka juu: gurudumu huku, gurudumu kule, ekseli ikipita katikati. 動 ni kutembea au kusogea. 自 ni nafsi, kitu chenyewe. Kinachotembea chenyewe ni 自動車, motokaa. Shuka mstari mmoja kwenye kibati hichohicho utakuta 車台番号, na 車 yako imerudi. Hiyo ndiyo namba ya chesisi, ile fundi aliyokuwa akiitafuta. Kando yake kuna 型式, aina ya modeli. Muuza spea anapokuuliza gari lako ni modeli gani, jibu liko mbele ya herufi hizo mbili.

Majina ya kampuni yenyewe yamejaa kanji za darasa la kwanza. Nissan huandikwa 日産, Hino 日野, Honda 本田, Mitsubishi 三菱. 日 ni jua, na kwa kuwa jua likichomoza ni siku, ni siku pia. 本 ni asili au shina. Ziunganishe: 日本, Japani, mahali jua linapoanzia. 田 ni shamba la mpunga, na umbo lake halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupita Mwea. 三 ni tatu, na nembo ya Mitsubishi ina almasi tatu. Isuzu wanaleta hati ya tatu: jina lao huliandika kwa hiragana, いすゞ, laini na ya kupinda, huku alama ya mwisho ikiwa kifupisho cha kurudia silabi iliyotangulia kwa vijistari vya kuinenepesha. Malori yanayopanga foleni Outering yamekusanya hati zote tatu za Kijapani.

Nenda nyuma ya lori. Sheria ya Japani hudai gari la mizigo lionyeshe uzito wa juu linaoruhusiwa kubeba, na maneno ni yaleyale kila mara: 最大積載量, kisha namba, kisha kg. 大 ni kubwa, mtu aliyenyoosha mikono. 最 ni kupita vyote. Probox ya kibiashara nayo ina stika hiyo kwenye mlango wa buti ikiwa hakuna aliyeibandua, na namba iliyo hapo ni 400. Waulize wanaosafirisha miraa kutoka Meru hadi Islii wanaisomaje. Ndani ya Hiace kuna 定員, idadi ya watu wanaoruhusiwa, na hapo makanga aliyezoea kanuni za matatu za waziri Michuki za 2004 angejikuta nyumbani: hata Wajapani waliona vyema kuiandika ukutani.

Malori yaliyobaki na rangi za kampuni za zamani yana jambo moja linalovuruga hata wanaojua kusoma. Ubavuni kushoto jina huandikwa kawaida, toka kushoto kwenda kulia. Ubavuni kulia, kampuni nyingi huliandika kinyume, herufi ya kwanza ikiwa karibu na kichwa cha lori na ya mwisho nyuma, kwa hoja kwamba gari linapokupita, kichwa ndicho kinachotangulia. 運送, usafirishaji, inakuwa 送運. Programu ya simu inayotafsiri kwa kamera hubabaika hapo na kukupa maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Lakini namba ya simu hubaki vilevile pande zote mbili, kwa hiyo ukiona namba iko sawa na jina halisomeki, jaribu kusoma jina kinyumenyume.

Mafuta ni somo lenye gharama, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Fungua kifuniko cha nje cha tangi. Ukiona 無鉛 ndani yake, ni petroli. 無 maana yake ni bila, na 鉛 ni madini ya risasi, kwa hiyo ni mafuta yasiyo na risasi. Lebo hiyo ina historia inayopita Nairobi: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri hapa kwetu, ndilo lililoongoza kampeni hiyo duniani hadi 2021, Algeria ilipokuwa ya mwisho kuacha. Ukiona 軽油, shika mkono wa mhudumu wa pampu. Herufi ya kwanza ni nyepesi, ya pili ni mafuta, na mwenye kamusi anaweza kudhani mafuta mepesi ni petroli. Ni dizeli. Hilo ni la kukariri tu, halina njia ya mkato. Neno hilo utalikuta kwenye malori na Hiace za dizeli.

Hapa msomaji wa Donholm au Imara Daima ataniuliza kuhusu maandishi mengine yaliyoletwa na miaka ya karibuni: yale ya kampuni zilizopanua Outering na kujenga barabara kuu ya juu inayotoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Hiyo ni China. Kampuni ya Sinohydro ilijenga Outering, na China Road and Bridge Corporation ikajenga ile ya juu. Kuzitofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kana, zile alama nyepesi za silabi. Zikiwamo, ni Kijapani. Pakiwa na herufi nzito tupu mstari baada ya mstari, yamkini ni Kichina. Tena China bara ilizirahisisha herufi nyingi katikati ya karne ya 20, kwa hiyo gari la Kichina ni 车 na la Kijapani ni 車. Bado yapo mengi ya pamoja. Ukikuta 安全第一 kwenye ua wa ujenzi, usalama kwanza, Mjapani na Mchina watalielewa sawasawa, kila mmoja akilitamka kivyake. 出口 pia ni mali ya wote.

Na kwa kuwa tumetaja barabara ya kulipia: sauti ile ya mwanamke inayoongea ukiwasha gari lililotoka Japani haikuombi ufunge mkanda. Mara nyingi inasema ETC kaado ga sounyuu sarete imasen, kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kifaa cha ushuru wa barabara kilichosambazwa Japani kuanzia 2001. Barabara yetu ya juu nayo ina njia za ETC, ila kifaa hicho cha Japani hakitakufungulia kizuizi Mlolongo hata ukikibembeleza.

Mpaka hapa tumesoma kwa raha. Faida ya mfukoni iko kwenye stika mbili ndogo na karatasi moja. Stika ya kwanza iko juu ya kioo cha mbele, mraba mdogo wenye namba. Ni ya 車検, ukaguzi wa lazima wa Japani, na huonyesha mwezi na mwaka ambao ukaguzi unakwisha. Mwaka huo mara nyingi si wa kalenda yetu. Japani huhesabu pia kwa enzi za wafalme: 平成, Heisei, ilianza 1989, na 令和, Reiwa, ilianza tarehe 1 Mei 2019. Kwa Heisei jumlisha 1988, kwa Reiwa jumlisha 2018. Heisei 29 ni 2017, Reiwa 2 ni 2020. Mwaka 2019 una majina mawili, Heisei 31 kwa miezi minne ya mwanzo na 令和元年 kwa iliyobaki, ambapo 元 ni mwanzo. Anayenunua gari na kuhesabu miaka minane ya KS 1515 anahitaji hesabu hii kichwani. Ila asiitumie kwenye stika ya kioo, kwa maana hiyo inataja kwisha kwa ukaguzi. Aitumie kwenye hati za usajili, penye 初度登録, usajili wa kwanza.

Stika ya pili ndiyo niipendayo. Funguo za maisha ya gari ziko kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambako gereji za Japani hubandika karatasi ya kubadilisha oili: オイル交換, tarehe, na kilomita. Muuzaji wa hapa anaweza kuosha gari, kupaka viti mafuta, na kurudisha kilomita nyuma, kisha akaisahau karatasi ya ukubwa wa kiberiti asiyoweza kuisoma. Dashibodi ikisema kilomita 62,000 na fremu ikisema oili ilibadilishwa kwa 98,000, mazungumzo ya bei yamebadilika. Angalia tu kama kuna 次回 mbele ya namba. Maana yake ni mara ijayo, kwa hiyo hapo gari lilikuwa bado halijafika kilomita hizo, na huwezi kumshtaki mtu kwa tofauti ndogo. Kwenye injini zenye mkanda wa taimingi, tafuta タイミングベルト. Kwa katakana uliyonayo sasa utaisoma mwenyewe: taimingu beruto.

Karatasi ni ile ya mnada. Magari mengi ya kuuzwa nje hupita kwenye minada ya Japani, ambako mkaguzi huandika hali ya gari kwenye fomu moja. Dalali akikutumia picha yake, usiishie kwenye alama ya jumla kama 4 au 3.5. Tafuta 走行, umbali uliotembewa, na 修復歴, historia ya kurekebishwa kwa mwili wa gari baada ya ajali. Mbele yake huwa kuna 有, ipo, au 無, haipo, na hiyo 無 tumeshakutana nayo kwenye kifuniko cha mafuta. Gari lenye historia hiyo mara nyingi hupewa alama ya R. Mchoro wa gari pembeni una herufi za Kilatini: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni wimbi la ukarabati. S ni kutu, na imetoka kwa neno lao wenyewe, サビ, sabi.

Magari hayatakufikisha mwisho. Hayana vitenzi vya kutosha, na mtihani wa JLPT wa kupima ujuzi wa Kijapani, ambao hufanywa Nairobi kila Desemba na ambao ngazi yake ya chini ni N5, utakuuliza kuhusu kula, kwenda shule na kuamka asubuhi. Hakuna boneti linaloamka asubuhi. Kwa hayo utahitaji mwalimu, na utahitaji hiragana, hati inayobeba viungo vya sarufi. Lakini hata hiragana ina mahali pamoja chini ya boneti. Lebo za onyo karibu na rejeta huandikwa kwa sentensi nzima, na mwishoni mwake mara nyingi utaona ないでください, kiambishi cha kukanusha na ombi la adabu: tafadhali usifanye. Ukiiona hiyo injini ikiwa moto, ondoa mkono kwanza, halafu ndipo utafute maana ya kilichotangulia.